Kumfanya mchezaji wa kompyuta acheze kama mtu: mwongozo kamili kwa vijana wa kusini wanaotengeneza gemu

Pita vibanda vya gemu Mtwara mjini jioni, iwe Magomeni au Chikongola, utakuta madogo wamejaa kwenye benchi wanasubiri zamu ya pedi, na ukimwambia mmoja acheze na kompyuta wakati anamsubiri mwenzake anakataa, bora akae tu aangalie. Sio kwamba kompyuta ni dhaifu, ukiiweka kiwango cha juu inawafunga vizuri tu. Tatizo haichezi kama mtu. Haidanganyiki, haina presha, haikosei pale ambapo mtu angekosea, na ikikosea inakosea kijinga mpaka unaona kabisa hapa imeachia makusudi. Huu mwongozo ni kwa ajili ya vijana wa huku, Mtwara, Lindi, Masasi, Nachingwea, mlioanza kutengeneza gemu zenu na mnataka mpinzani wa kompyuta, yani boti, ambaye mtu akicheza naye anahisi kuna binadamu upande wa pili.

Mfano wangu mwanzo mwisho ni gemu ya chandimu, inatazamwa kutoka juu, watano kwa watano, magoli madogo, uwanja wa mchanga, kwa sababu chandimu hakuna asiyeijua. Ila mbinu ni zilezile hata kama gemu yako ni ya magari, ya ngumi au ya bunduki.

Vifaa sio vya kutisha. Laptopu yenye RAM ya GB 4 inatosha kwa gemu ya namna hii, na Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni ya bure kabisa, ukishaipakua mara moja unafanya kazi bila bando. Mifano ya chini nimeiandika kwa lugha yake, kama unatumia Unity au kitu kingine chukua wazo lenyewe uliandike kwa lugha ya kwako.

Kuna kitu kimoja lazima kikae kichwani kabla hujagusa chochote. Boti hafanani na mtu kwa kuongezewa makosa, anafanana na mtu kwa kuwekewa mipaka ambayo mtu anayo. Watengenezaji wengi wanaenda kinyume, wanatengeneza boti anayejua kila kitu halafu wanarusha kete, mashuti 20 kwa kila 100 yaende nje basi, na mchezaji anashtukia haraka sana kwa sababu boti anapiga nje akiwa peke yake mbele ya goli tupu, halafu dakika hiyohiyo akiwa amebanwa na mabeki wawili anatoa pasi ya kupenya kwenye tundu la sindano. Mtu hayuko hivyo. Mtu anakosea akiwa amebanwa, akiwa hajaona, akiwa amechelewa, akiwa na papara. Ukimwekea boti mipaka ya macho, ya muda na ya mkono, makosa yatatoka yenyewe na yatatoka mahali pake. Hatua zinazofuata zinaweka mipaka hiyo mmoja baada ya mwingine, na mpangilio wake una maana, kwa hiyo usiruke.

Hatua ya 1: mkabidhi pedi

Boti asiruhusiwe kumsogeza mchezaji moja kwa moja. Tengeneza pedi ya kubuni ndani ya programu, yenye mshale wa mwelekeo, kitufe cha pasi, cha shuti, cha mbio na cha kubadilisha mchezaji, halafu boti abonyeze hivyo tu, na sehemu ya gemu inayosogeza wachezaji isijue kabisa kama vitufe vimebonyezwa na kidole au na programu. Ukifanya hivi unaziba mlango mkubwa wa wizi, boti hawezi kugeuka nyuzi 180 papo hapo wala kupiga shuti lenye nguvu ambayo pedi haitoi.

Kwenye mpira hatua hii ina uzito zaidi ya unavyodhani. Mtu akicheza anaongoza mchezaji mmoja kwa wakati, wengine wanasogezwa na gemu, na ndo maana anabadilisha mchezaji na mara nyingine anampata ambaye hakumtaka, beki wa mbali, wakati straika wa wapinzani anapita katikati. Kompyuta nyingi zinaendesha timu nzima kwa akili moja kwa wakati mmoja na ndo maana zinaonekana kama jini. Boti wako awe mtu mmoja mwenye pedi moja. Wenzake wanne wasogezwe na mfumo uleule unaosogeza wenzake wa mchezaji halisi, na akitaka kukaba abonyeze kubadilisha kama sisi.

Hata wakubwa hili liliwakuta. DeepMind, kampuni ya akili bandia, walipoionyesha AlphaStar yao inayocheza gemu ya vita ya StarCraft II mwaka 2019, wachezaji walilalamika kwamba inaona sehemu kubwa ya ramani kwa pamoja na kuna nyakati inabonyeza kwa kasi na usahihi ambao mkono wa mtu hauna. Toleo lililofuata mwaka huohuo walilibana litazame kupitia kamera kama mchezaji wa kawaida na wakapunguza idadi ya vitendo.

Hatua ya 2: mpe macho, na macho yatazame sehemu moja

Unaweza kusema gemu ya kutazama toka juu skrini yote inaonekana, kwa hiyo boti aone vyote. Hapana. Skrini yote iko mbele yako lakini jicho linatua mahali pamoja, kwa sekunde moja linahama mara tatu hivi au nne, na muda mwingi limeganda kwenye mpira. Kaa nyuma ya dogo anayecheza umuangalie yeye badala ya kuangalia gemu, utaona mwenzake yuko wazi kabisa pembeni na yeye hana habari.

Kwa hiyo mpe boti nukta ya kutazama. Ndani ya duara dogo kuzunguka nukta hiyo anaona kila kitu sawasawa, nje ya hapo anajua tu pale alipomwona mtu mara ya mwisho. Kila mchezaji uwanjani awe na kumbukumbu yake kwenye kichwa cha boti: mahali alipoonekana, alikuwa anaelekea wapi, na imepita muda gani. Kumbukumbu ikizeeka, boti aiamini kidogo kidogo mpaka ikifika sekunde mbili au tatu aione kama tetesi tu.

Nukta yenyewe ihame kila baada ya milisekunde 250 mpaka 400 (milisekunde 1000 ni sekunde moja). Irudi kwenye mpira mara nyingi, halafu iende kwa mkabaji wa karibu, halafu kwa mwenzake wa mbele, halafu golini. Akiwa na presha ibane zaidi, yani mpira na mkabaji tu, hapo ndo utaona boti ananyima pasi mtu aliyekuwa wazi, na anayecheza naye atasema huyu mchoyo, kumbe hajamwona. Hilo ndo kosa la kibinadamu lenyewe na hujarusha kete hata moja.

Hatua ya 3: mcheleweshe, na hapa tukae kidogo

Mtu akiona kitu anachokisubiri, mpaka kidole kibonyeze zinapita kama milisekunde 200 hadi 250. Akilazimika kuchagua kati ya mambo mawili matatu muda unaongezeka, unaweza kufika 400 na kupita. Gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde, yani picha 60 za skrini, milisekunde 250 ni fremu 15. Boti wa kawaida anajibu kwenye fremu moja.

Njia rahisi ni foleni. Kila mpira ukipigwa, ukigeuzwa au ukigonga mtu, habari isiende moja kwa moja kichwani kwa boti, iingie kwenye foleni ikiwa na saa yake ya kufika:

```
var foleni = []
var mpira_akilini = Vector2.ZERO
var mwendo_akilini = Vector2.ZERO

func mpira_umebadilika(mahali, mwendo):
    var kuchelewa = max(150, randfn(250, 40))
    foleni.append([Time.get_ticks_msec() + kuchelewa, mahali, mwendo, kuchelewa])

func _physics_process(delta):
    mpira_akilini += mwendo_akilini * delta
    while foleni.size() > 0 and foleni[0][0] <= Time.get_ticks_msec():
        var habari = foleni.pop_front()
        mwendo_akilini = habari[2]
        mpira_akilini = habari[1] + habari[2] * habari[3] / 1000.0
```

Angalia vitu vitatu hapo. Kwanza muda wa kuchelewa unachaguliwa mara moja kwa kila tukio, sio kila fremu, ukiuchagua kila fremu boti anatetemeka kama ana homa. Pili kuna kikomo cha chini cha 150, ni nadra sana mtu kushtuka chini ya hapo labda awe amebahatisha. Tatu, na hii ndo roho ya jambo zima, boti ana mpira wake wa akilini unaoendelea kutembea kwa mwendo ule alioujua mara ya mwisho. Sisi tunacheza hivyohivyo, hatuufuati mpira ulipo, tunafuata tunapotegemea uwepo, la sivyo tungekuwa nyuma muda wote.

Sasa tazama kinachotokea. Straika anakuja na mpira kulia kwa boti, boti anakimbia kulia kumkabili, ghafla straika anaukata kushoto. Kwa fremu kama 15 boti bado anakimbilia kulia kwa sababu kichwani kwake mpira bado unaenda kulia, halafu ndo habari inafika, anasimama, anageuza mshale, na kashaachwa hatua mbili. Ameingia mkenge! Chenga imefanya kazi, na imefanya kazi kwa sababu ileile inayofanya kazi kwa beki wa kweli pale uwanja wa Nangwanda Sijaona. Hujaandika mstari wowote unaosema boti adanganyike.

Ongeza kitu kimoja cha matarajio. Kama boti alikuwa anategemea jambo hilo, mfano kipa anayeona mguu umeshainuliwa, punguza kuchelewa kidogo, na kama ni la kushtukiza, mfano mpira umemgonga mwenzake mgongoni ukabadilika njia, ongeza 100 au 150. Halafu mtu akipigwa chenga ya upande mmoja mara mbili anaanza kuitegemea, kwa hiyo mpe boti hesabu ndogo ya huyu jamaa hupenda kukata wapi, na akiizoea sana ndo unampiga ya upande wa pili. Madogo wakigundua kwamba boti anazoeleka na anadanganyika upya hawataachia pedi.

Ila kumbuka habari inaingia foleni pale tu mpira ukiwa ndani ya duara la macho, au jicho likirudi kuutazama. Mchanga unapunguza kasi ya mpira, kwa hiyo kila jicho likitua kwenye mpira mtumie habari mpya, la sivyo mpira wa akilini utafika baharini.

Hatua ya 4: mkono nao una mipaka

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa mkono kufikia shabaha unategemea umbali na ukubwa wake, mbali na ndogo inachukua muda mrefu zaidi. Kabla yake, mwaka 1899, Robert Woodworth alishaeleza kwamba mkono unaanza na mruko mmoja mkubwa halafu unamalizia kwa masahihisho madogo. Kwa gemu za kulenga bunduki hii ndo siri yote, kishale kisiende moja kwa moja kwenye kichwa cha adui kikaganda, kiruke, kipitilize au kipungue kidogo, kisimame kama fremu sita, kisahihishwe, na ukipiga kabla ya kusahihisha unakosa.

Kwenye chandimu tunafanya hivi. Mshale wa pedi usihame toka kushoto kabisa kwenda kulia kabisa kwa fremu moja, uchukue fremu nne au sita. Mwelekeo wa shuti uwe na kosa linalopungua kadri boti anavyopata muda wa kulenga: kaupata mpira sasa hivi na ana mkabaji mgongoni, kosa linaweza kufika nyuzi 15, ametulia nusu sekunde, nyuzi 3. Nguvu ya shuti kama inategemea muda wa kushikilia kitufe, kosa liendane na muda huo, kwa sababu mtu akishikilia kwa muda mrefu ndo anavyozidi kukosea kuukadiria, anza na asilimia 10. Hapo shuti la mbali litapaishwa na la karibu litaingia bila wewe kuandika sheria ya mbali na karibu. Tumia randfn, yenye makosa mengi madogo na machache makubwa, usitumie ile ya kugawa sawasawa, inatoa makosa yasiyo na sura ya mtu.

Hatua ya 5: maamuzi

Hapa wengi ndo wanaanzia na mimi nimeiweka ya tano makusudi, kwa sababu macho na mkono vikiwa sawa hata maamuzi ya kawaida yanaonekana ya mtu.

Kila anapokuwa na mpira, boti azipe alama njia zake: pasi kwa huyu, pasi kwa yule, chenga, shuti, kurudisha nyuma. Alama zitokane na kile kilicho kichwani kwake, sio na ukweli wa uwanja. Halafu asichague ya juu siku zote, kama pasi ina 6 na chenga ina 5.5 basi zipate nafasi karibu sawa, lakini shuti lenye 2 lisichaguliwe kabisa, mtu ana mashaka kati ya mambo yanayokaribiana, sio kati ya zuri na la ajabu.

Akishaamua, ang'ang'anie. Boti asiyeng'ang'ania anageuka geuka kila fremu, mara pasi mara chenga, na hicho ndo kitu cha kwanza kinachomuumbua. Mpe angalau milisekunde 400 kabla ya kufikiria upya, na hata akifikiria wazo jipya lizidi la zamani kwa kiasi cha kutosha, kama moja ya tano hivi. Matokeo yake mara nyingine atamalizia pasi ambayo njia yake imeshazibwa na atauza mpira, na kila mtu aliyewahi kushika pedi anaijua hiyo.

Hatua ya 6: tabia na moyo

Mtu ana tabia zake. Kwenye Pac-Man ya 1980 mazimwi manne yalifukuza kwa kanuni tofauti, mmoja anafuata nyuma, mwingine analenga mbele ya unapoelekea, na watu wakayaona yana roho. Quake III Arena, gemu ya bunduki ya 1999, kila boti alikuwa na tabia zake zilizoandikwa, kasi ya kushtuka, ukali, kupenda kuvizia na kadhalika. Kwako namba nne zinatosha: uchoyo, subira, ukali wa kukaba, na kupenda mbwembwe. Mchoyo anazipa chenga alama zaidi, mwenye mbwembwe anatafuta tobo hata pasipo na haja. Namba zisibadilike ndani ya mechi, mtu akicheza naye mara tatu amtambue bila kuona jina.

Moyo ndo unabadilika. Akifungwa, kwa nusu dakika hivi subira ishuke na ukali uongezeke, atavamia na kupitwa. Akiwa anaongoza dakika ya mwisho arudishe mpira nyuma, azungushe, apoteze muda. Akifunga goli azunguke zunguke na mchezaji wake.

Na usisahau mambo yasiyo na faida. Mpira ukiwa umetoka mtu hakai kimya, anabonyeza mbio bila sababu, anazungusha mshale, anapiga kitufe cha pasi mara tatu wakati moja ingetosha. Boti anayesimama kama nguzo akisubiri mpira urushwe anajulikana bila hata kucheza.

Hatua ya 7: rekodi watu

Kama pedi ya hatua ya kwanza ipo, kurekodi ni rahisi, hifadhi kila kitufe na fremu yake. Omba washkaji wacheze mechi kadhaa, halafu tumia rekodi kupima: wanabonyeza mara ngapi kwa dakika, wanakaa na mpira sekunde ngapi, wanabadilisha mchezaji lini. Linganisha na boti, palipo tofauti kubwa ndo pa kurekebisha. Na vipande vya rekodi unaweza kuvitumia vilevile vilivyo kwenye sehemu ngumu kuandika, kama mbwembwe za kusubiri kona au boti akinasa kwenye msongamano.

Hatua ya 8: jaribio la pazia

Yalikuwepo mashindano yanaitwa BotPrize, yalianza 2008, yakitumia gemu ya bunduki ya Unreal Tournament 2004, waamuzi wanacheza bila kujua nani mtu nani boti halafu wanahukumu. Mwaka 2012 boti wawili walivuka nusu ya kura, UT^2 wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, ambao walitumia rekodi za nyendo za watu kumkwamua boti akinasa, na MirrorBot wa Mihai Polceanu kutoka Romania, aliyekuwa anaiga vitendo vya anayecheza naye. Watu halisi kwenye mashindano hayohayo walipata karibu asilimia 40 tu. Kwa hiyo usijipime kwa boti peke yake, lazima kuwe na mtu wa kulinganisha.

Fanya hivi kibandani. Ongea na mwenye kibanda upate skrini mbili na pazia katikati, au vyumba viwili, lipia wewe muda wa pedi. Mchezaji mmoja mbele, nyuma ya pazia mara akae mtu mara aachiwe boti, aliyekaa mbele asijue, na hata wewe unayemuuliza ikiwezekana usijue ili uso wako usimwambie. Nyuma ya pazia awepo mtu siku zote akigusa gusa pedi, la sivyo watasikiliza mlio wa vitufe. Pata mechi angalau 20, nusu mtu nusu boti, kwa mpangilio wa kuchanganya.

Baada ya kila mechi uliza mawili: huyu alikuwa mtu au kompyuta? Na umejuaje? Jibu la pili ndo lenye thamani, liandike kama lilivyosemwa.

"Komp huyo bana, anajua napopiga kabla sijapiga": rudi hatua ya 3, kuna sehemu boti anasoma mpira wa kweli badala ya ule wa akilini, mara nyingi ni kipa, watu wanamsahau. "Hanyimi pasi hata siku moja": duara la macho ni kubwa mno. "Anakosa kizembe": kosa la mkono haliangalii presha, hatua ya 4. "Anababaika": ongeza kung'ang'ania. "Yuko vilevile hata akifungwa tatu": hatua ya 6. Rekebisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha rudisha pazia kwa madogo ambao hawajacheza naye, kwa sababu wale wa mwanzo watakuwa wameshamkariri.